Daftari la Vilivyofukiwa

Kila asubuhi, kabla bati la kibanda halijapata moto wa jua, binti aitwaye Hewa huanza kazi kwa kunusa. Hulegeza kidogo vali ya mtungi wa chuma wa wazamiaji, akasogeza pua, akavuta. Hewa safi haina harufu. Ikinuka mafuta ya mashine, mtungi unawekwa kando. Ikinuka kutu, vilevile. Akishanusa humwagia mtungi maji, hufunga mrija, huwasha kompresa, kisha husimama karibu na geji mikono kifuani, akiisikiliza mashine inavyohema. Mtungi ukijaa huuchora alama ya chaki begani. Alama moja, mtungi mmoja, mtu mmoja atakayeshuka na kupanda akiwa mzima.

Jina hilo la Hewa alipewa na wazamiaji, kwanza kwa utani. Binti amesoma chuo, amepata stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, halafu amerudi gatini kuuza hewa. Wakacheka wenyewe, naye akacheka nao ameinamisha uso, kwa kuwa alikuwa mtu wa haya na hakujua namna nyingine ya kujibu. Utani ukachuja, jina likabaki.

Asubuhi ile alikuwa ameshachora alama tatu. Mtungi wa nne ulikuwa nusu, sindano ya geji inapanda taratibu, pale mashine iliponyamaza. Haikukohoa, haikutetemeka. Ilinyamaza tu. Hewa aligeuka akamwona mwanamume mwenye sare ya kaki amesimama kando ya swichi, kidole bado kiko juu yake. Hakuwa amebisha hodi. Hakuwa amesalimia.

"Mwenyewe yuko wapi?" akauliza.

Mwenyewe alikuwa nyuma ya kibanda, suruali imekunjwa hadi magotini, anasuuza vifaa vya kupumulia kwenye beseni. Wageni walimwita Polepole, kwa ajili ya ishara aliyowaonyesha chini ya maji kila baada ya dakika mbili: kiganja kikishuka taratibu, taratibu. Alikuwa baba yake Hewa. Alikuja akijifuta mikono kwenye shati, akamsalimu mwenye sare, akamsalimu na kijana mwingine aliyesimama nje na mkoba wa ngozi. Yule kijana ndiye aliyeitikia, tena kwa heshima zote. Alijitambulisha kuwa mhifadhi kutoka Idara ya Malikale, akaomba radhi kwa kumsumbua mzee wa watu asubuhi asubuhi, akatoa karatasi.

Karatasi ilisema kwamba kuanzia siku ile mabaki ya meli yaliyoko nje ya mwamba ni mali ya taifa, yanalindwa kisheria, na hakuna atakayezama ndani ya mita mia tano kutoka yalipo bila kibali cha Idara, na mashine za kujazia hewa zitafungwa hadi kibali kitoke. Mhifadhi alipokuwa akiieleza, mwenye sare alikuwa ameshaanza kuizungushia kompresa utepe mwekundu.

Polepole aliisoma mwenyewe, mara mbili, midomo ikitembea. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Akatabasamu.

"Mmechelewa," akasema. "Lakini karibuni."

Sheria ile aliiomba yeye.

Meli aliigundua miaka ishirini na miwili nyuma, akiwa ameshuka kutafuta nanga ya watu iliyokatika kamba. Nanga hakuiona. Aliona ukuta wa chuma ulioota matumbawe, umelala ubavu kwenye mchanga, mita ishirini na nane chini, na dirisha la duara ambamo samaki mmoja alikuwa akichungulia kama mpangaji aliyesikia hodi. Meli ya mvuke ya zamani, ya mizigo na abiria. Jina lake hakuna aliyelijua. Polepole akaiita Bibi, na kutokana na jina hilo yakazaliwa masharti yote. Bibi wa watu humshiki ovyo. Humkalii mgongoni. Huondoki kwake na kitu mfukoni.

Sharti kubwa lilikuwa la glavu. Wazamiaji wa likizo wanazipenda, na kila mwaka walikuja na mpya, za rangi rangi. Polepole alizikusanya kwenye ndoo kabla boti haijaondoka. Mwenye glavu, alikuwa akisema, anashika kila kitu kwa sababu hakimuumi. Mwenye mkono mtupu anaogopa kutu, anaogopa miiba, anaogopa makali ya chaza; mikono ataikunja kifuani mwenyewe bila kuambiwa.

Wengine hawakuambilika hata hivyo. Daktari mmoja wa meno, aliyekuja kila mwaka na siku zake tano za likizo, aliwahi kupanda na kichupa cha dawa cha kale amekificha ndani ya nguo ya mpira. Kilimfanya aonekane na tumbo upande mmoja. Polepole hakumgombeza. Alimuuliza kama ana mimba, boti nzima ikaangua kicheko, kisha akamwambia amrudishie Bibi kitu chake kwa mkono wake mwenyewe. Daktari akashuka tena peke yake na Polepole. Tangu siku hiyo hakuna aliyemtetea Bibi kwa kelele kama yeye.

Lakini huwezi kumchunga kila mtu. Kwa hiyo kitu chochote kilichokwisha kulegea mahali pake, sahani, kijiko, kitasa cha mlango, Polepole alikifukia humo humo kwenye mchanga uliojaa tumboni mwa meli, ambako mgeni hangefikiria kupapasa. Alipima kwa mikono iliyonyooshwa, pima kwa pima, kuanzia kwenye boila, lile tangi kubwa la chuma la kuchemshia maji ya mvuke. Akipanda, kabla hajavua hata mapezi ya mpira, alikaa ukingoni mwa gati akamsimulia binti yake: sahani yenye ufa na ua la buluu, pima nne kutoka kwenye boila, mkono wa kulia, kina cha kiwiko. Hewa aliandika kwenye daftari lenye jalada gumu. Mstari wa kwanza aliuandika kwa penseli, akiwa darasa la tano. Wa mia moja sitini na tatu aliuandika akiwa na stashahada.

Halafu ukatokea mwaka ule wa winchi. Chombo kikubwa kilikuja, kikatia nanga juu ya Bibi siku mbili, mchana kweupe, na kilipoondoka kiliondoka na rafadha, lile panga boi kubwa la shaba linalosukuma meli. Polepole aliwaomba wenye mamlaka waje waone. Hakuna aliyekuja. Aliandika barua, au tuseme Hewa aliandika, barua tatu kwa miaka mitatu, akiomba sheria iwekwe. Hazikujibiwa. Ndiyo maana asubuhi ile mashine yake ilipofungwa utepe mwekundu alimkaribisha mhifadhi kwenye benchi na kumletea maji ya kunywa.

Mhifadhi alikunywa, akashukuru, akasema vibali vitatolewa kwa yeyote atakayeonyesha uhusiano na meli ile na moyo wa kuitunza. Wageni watafutiwa utaratibu, hawatafungiwa kabisa. Taifa nalo linataka wageni. Hewa akajikuta anauliza, na ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo tangu wafike, ni uthibitisho wa namna gani unaotakiwa.

"Chochote, dada yangu," mhifadhi akamwambia. "Picha, kumbukumbu. Idara inapenda sana kumbukumbu."

Kwa mtu aliyesomea kumbukumbu miaka miwili na kuambulia kibanda cha bati, maneno hayo yalimwingia mwilini kama chai ya moto. Alianza siku hiyo hiyo. Alijaza fomu, akabandika picha, akapanga viambatisho kwa namba. Lililobaki lilikuwa daftari.

Baba yake hakutaka. Hakusema sana, hakuwa msemaji. Alisema tu daftari si la kutoa. Hewa akamweleza, na kwa baba yake hakuwa na haya. Akasema serikali haimjui mtu kwa sura, inamjua kwa karatasi. Akasema hakuna mwombaji mwingine mwenye miaka ishirini na miwili iliyoandikwa siku kwa siku. Mama yake, aliyekuwa akichambua mchele huku anasikiliza, akauliza kama hiyo Idara yenyewe ni watu wa kuachiwa mlango wazi. Hewa akamjibu kwamba ni watu waliosoma. Mama akanyanyua macho kwenye sinia, akamtazama, akarudi kwenye mchele wake.

Siku ya pili jioni Polepole aliliweka daftari mezani, limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Haya, mama," akasema. Alimwita hivyo kwa kuwa binti alirithi jina la mama mzazi wa Polepole mwenyewe. "Wewe ndiye uliyesoma."

Idara ilitaka daftari halisi. Hewa alikusudia kulitoa kopi kwanza, lakini siku ya mwisho ya maombi umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, maduka ya kopi yamefunga, na dirisha la mapokezi lilikuwa linafungwa saa sita. Karani akalipokea, akagonga muhuri kwenye nakala ya fomu. Imepokelewa. Hewa aliutazama muhuri ule njia nzima ya kurudi nyumbani.

Waliitwa baada ya mwezi na nusu. Mkuu wa Kanda alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajawahi kulazimika kuipandisha. Aliwapa viti. Alimuuliza Polepole habari za nyumbani, akasubiri jibu. Daftari lilikuwa mezani mbele yake, na kwenye kurasa zake vilichomoza vikaratasi vya njano, vingi mno. Hewa alipoviona alifurahi. Chuoni ndivyo walivyofundishwa kuweka alama penye jambo la maana. Wamesoma kila mstari, akawaza.

"Hivi vya njano," Mkuu akasema, "kila kimoja ni kosa."

Akavaa miwani, akafungua palipomjia.

"'Kijiko cha fedha, chini ya ngazi ya nyuma, kina cha kiganja.' Nani alikitoa kilipokuwa?"

"Mimi, mama," Polepole akasema.

"Akakifukia nani?"

"Mimi."

"Kwa kibali cha nani?"

Polepole alifikiri, kwa kuwa alidhani anaulizwa. "Wakati ule hapakuwa na wa kumwomba."

"Idara ilikuwepo."

"Tuliandika barua tatu."

Mkuu akaliinua faili, akalipekua mbele yao kwa uaminifu kabisa, ukurasa kwa ukurasa. Barua hazikuwemo. Halafu akawaeleza, bila ukali, kwamba kitu cha kale thamani yake ni pale kilipolala. Kijiko kilichokutwa kilipoanguka kinaeleza nani alikuwa anakula na nani alikuwa anakimbia, lakini kijiko kilichohamishwa ni kijiko tu. Kuhamisha, kuficha, kufukia: kifungu cha tisa. Hewa alijua ni kweli. Hata yeye alifundishwa kutovuruga mpangilio aliokuta.

"Ningekiacha kingekuwa kabatini kwa mtu," Polepole akasema.

"Pengine. Sheria haina pengine, mzee wangu." Akalifunga daftari. "Aliyeandika ni nani?"

"Mimi," Polepole akasema upesi, upesi kuliko alivyowahi kusema jambo lolote.

Mkuu hakubishana. Alichukua karatasi nyeupe, akaitelezesha upande wa pili wa meza, akaiwekea kalamu juu. "Andika hapo neno moja tu. Andika 'boila'."

Baba yake Hewa aliishika kalamu kama anavyoshika kisu cha kukatia nyavu, ngumi nzima. Aliinama. Akaandika B, akaizungushia tumbo lake mara mbili ili iwe nzuri. Akaanza O. Mhifadhi, aliyekuwa amekaa pembeni, akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake. Karatasi ilichanika kidogo chini ya ncha ya kalamu.

"Ni mwandiko wangu," Hewa akasema.

Alisema kwa sauti ndogo mno, Mkuu akamwomba arudie. Akarudia.

"Nilijua. Mwandiko mzuri, mdogo wangu, tena kazi safi. Laiti watumishi wangu wangeandika hivi." Wala hakuwa anamdhihaki.

Hawakufikishwa mahakamani. Mkuu alisema Idara haina nia ya kumdhalilisha mzee. Ombi la kibali litaendelea kufikiriwa iwapo atashuka na wazamiaji wa Idara na kuwaonyesha kila kilichoandikwa, ili kihakikiwe kwa macho. Daftari litabaki. Polepole alisema ndiyo kabla Mkuu hajamaliza, na alipotoka nje uso wake ulikuwa umefunguka tena. Atamwona Bibi.

Alishuka nao siku tisa. Hewa alikaa gatini kama zamani, bila daftari, na kila mchana baba yake alimsimulia kwa mazoea. Vyote vilikuwepo. Mia moja sitini na tatu kwa mia moja sitini na tatu. Viwili tu ilibidi avitafute, maana bamba la chuma lilikuwa limeporomoka na kubadilisha pima. Siku ya mwisho, boti ikiwa inatia gatini, mhifadhi, aliyekuwa akiweka tiki ndani yake, alimpigia makofi. Hewa aliyasikia makofi hayo pale alipokaa. Jambo moja tu baba alilitaja kwa kupita: wazamiaji wawili kati ya wale wa Idara walivaa nguo za kampuni ya boti nyeupe, ile kubwa ya hotelini. Labda wameazimwa, akasema.

Barua ya Idara ilikuwa fupi. Kibali, kimoja tu, kimepewa kampuni ya boti nyeupe, yenye boti mbili, oksijeni ya dharura, bima, na mpango wa ziara za kielimu. Ombi la Polepole halikukidhi vigezo, na kumbukumbu zake zinaonyesha historia ya uharibifu. Anakumbushwa mita mia tano.

Aliikunja barua vizuri, akaiweka pale palipokuwa panakaa daftari. Kwa siku kadhaa aliendelea kuamka alfajiri na kwenda kibandani kusuuza vifaa ambavyo havikuwa vimetumiwa na mtu. Mama hakumkumbusha Hewa lile swali lake la siku ya mchele, na Hewa aliona heri angetukanwa. Meneja wa kampuni alipotuma ujumbe kwamba wanahitaji mjaza mitungi, binti alisema haendi ng'o. Baba yake ndiye aliyemtuma.

"Hewa ni hewa, mama. Anayeshuka hana kosa. Ukinusa wewe, nitalala."

Akaenda. Kompresa ya kampuni ilikuwa mpya, haikohoi, ina taa. Ukutani, mkabala na mahali pake pa kazi, palikuwa na ramani kubwa ya rangi ya meli, iliyochorwa vizuri, na kila penye alama palikuwa na maneno. Pima nne kutoka kwenye boila, mkono wa kulia, kina cha kiwiko. Chini ya ngazi ya nyuma, kina cha kiganja. Juu kabisa waliandika: FUKUA HISTORIA KWA MIKONO YAKO. Hakuna kilichoruhusiwa kutolewa majini, kiongozi wa ziara alilirudia hilo kila asubuhi kwa ukali wote. Unafukua, unapiga picha, unakipanga juu ya boila, basi. Kisha aligawa glavu, mpya, kila mgeni jozi yake, zina nembo ya boti.

Hewa alinusa mitungi, akachora alama za chaki. Hakumwambia baba yake habari za ramani.

Daktari wa meno alikuja msimu wake. Alipomkuta Hewa pale alibabaika, akauliza hali ya mzee, akasema angependa sana kwenda kumwona, ila si unajua, siku tano zenyewe. Siku ya kwanza alipanda na picha kwenye kamera, akamwonyesha: sahani kumi na mbili zimepangwa juu ya boila, ile yenye ufa na ua la buluu ikiwa mbele. Siku ya tatu alisubiri wenzake waende kuoga, akaja karibu na geji.

"Jumatatu zilikuwa kumi na mbili," akasema, akijaribu kucheka. "Leo nimehesabu tisa. Na vijiko havipo kabisa." Kicheko kikamwishia. "Hewa, mimi nilikishika kichupa kimoja tu maishani mwangu na mzee alinirudisha nacho. Hapa hakuna anayekagua mtu."

Hewa alimwomba akaseme Idara. Daktari akatazama saa, kana kwamba Idara ilikuwa humo. Alisema ataandika barua pepe akirudi.

Jioni hiyo Hewa alimwambia baba yake, yote, na ramani. Alitegemea atakasirika. Polepole akauliza tu kama ile sahani ya ua la buluu ipo. Ipo. Asubuhi alioga, akavaa shati lake la kwenda kwenye shughuli za watu, akaenda mwenyewe kwa miguu hadi Idara kutoa taarifa kwamba Bibi anaibiwa.

Mama ndiye aliyeleta habari kazini kwa Hewa, saa kumi alasiri, kanga imefungwa vibaya. Walimsikiliza vizuri, alisema, wakaandika kila neno. Mwishoni wakamuuliza amejuaje, naye marufuku kusogea mita mia tano. Akasema ameambiwa. Na nani? Hakusema. Alikataa katakata kumtaja mtu. Basi wakamwita yule mwenye sare. Wazamiaji walishuka mchana huo huo na ramani mkononi, wakakuta vitu arobaini na kimoja havipo, na mtu pekee aliyejulikana kuvishika vitu vile kwa mkono wake, kwa maandishi, mara mia moja sitini na tatu, alikuwa amejileta.

Hewa alimkuta baba yake amekalishwa kwenye benchi la korido ya Idara. Walimvua mkanda na kamba za viatu. Alikuwa ameishika suruali yake kiunoni kwa mkono mmoja, na ulimi wa kiatu umelala nje. Alimwona binti yake akajaribu kusimama, akaghairi.

"Andika wanavyotaka, mama," akasema. "Twende nyumbani."

Ofisini alikuwepo Mkuu, mhifadhi, mpiga chapa na kompyuta yake, na meneja wa kampuni, ambaye alimwitikia Hewa kwa kichwa kama mtu anayemwona mfanyakazi wake sokoni. Daftari lilikuwa mezani. Vikaratasi vya njano vilikuwa vimebanduliwa.

Mkuu alisema ametafuta njia ya kumsaidia mzee na ameipata. Zile fomu za makabidhiano, zile mhifadhi alizotilia tiki siku tisa, kwa bahati mbaya hazikukamilika, hazina sahihi. Kwa hiyo kisheria vitu vile arobaini na kimoja havijathibitishwa kuwa vilikuwepo. Kuna daftari tu, na daftari liliandikwa na mtu ambaye mwenyewe hakuwahi kushuka. Hewa akiweka sahihi kwamba aliandika alichoambiwa, na hakuwahi kuona kwa macho yake, vitu vinafutwa kwenye orodha. Kisichokuwepo hakiibiwi. Mzee anaondoka leo hii. Asipoweka sahihi, basi vilikuwepo, na kama vilikuwepo kuna mwizi, na mwizi atatafutwa kuanzia kwa aliyekuwa akivificha.

"Maswali ni matatu," akasema. "Ndiyo au hapana, basi. Uliandika ulichoambiwa?"

"Ndiyo."

Vidole vya mpiga chapa vikalia.

"Uliwahi kuviona mwenyewe?"

Hewa alimtazama mhifadhi. Mhifadhi alikuwa anatazama dirishani, na sikio lake upande ule lilikuwa limetota jasho.

"Huyu alivitilia tiki," akasema. "Alipiga makofi. Niliyasikia."

"Hujaulizwa ya makofi, mdogo wangu. Uliviona?"

"Hapana."

"Vizuri. La mwisho." Mkuu aliisogeza fomu karibu, akaweka kidole kwenye mstari wa sahihi. "Unathibitisha kwamba daftari hili lisichukuliwe kuwa ushahidi wa kuwepo kwa kitu chochote?"

Meneja aliweka kalamu mbele yake. Kalamu ilikuwa na nembo ya boti. Koridoni kiatu kilikwaruza sakafu, mara moja, kikatulia. Hewa aliliona daftari, kona ya jalada pale lilipong'atwa na panya mwaka ule alipokuwa bwenini, na ndani yake, hata likiwa limefungwa, aliuona ule mwandiko wa penseli wa darasa la tano, herufi zimelala upande mmoja kwa haraka ya kumfuata baba anayezungumza huku anatetemeka kwa baridi ya maji.

Aligundua kwamba amesimama.

"Aliyemwambia baba kwamba vinaibiwa ni mimi," akasema. Meneja akageuza shingo. "Nimeziona sahani kwenye picha, kumi na mbili, na siku mbili baadaye zimehesabiwa tisa. Ramani yenu ni maneno yangu." Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyoizoea, ikamtisha, lakini hakuirudisha. "Niliwaletea daftari mjue kwamba anamtunza. Sikuwaletea mjue vitu viko wapi."

Mkuu aliivua miwani, akaigeuza fomu upande wa nyuma, kisha upande wa mbele, akitafuta kwa dhati mahali ambapo maneno hayo yangekaa. Mpiga chapa alisubiri, vidole vimeinuliwa juu ya kibodi.

"Samahani, Mkuu," akauliza. "Hiyo niandike ndiyo, au hapana?"